Salamu Zako Zilikaa Wapi, Baba?

Kamwene, Baba.

Naanza na salamu kwa sababu hiyo ungeijibu. Hata mwaka wako wa mwisho, baada ya kiharusi, uliijibu bila kukwama, na mpaka leo najiuliza salamu zilikuwa zimekaa wapi humo kichwani wakati maneno mengine yote yamepotea.

Tulikutoa hospitali Njombe, tukakurudisha nyumbani Kitandililo, mkono wa kulia umelala. Nikikuonyesha kikombe unasema "jembe", halafu unatikisa kichwa kwa hasira, maana ulijua fika kwamba siyo. Nikikuambia funga dirisha, baridi inaingia, unachukua fimbo yako unakwenda kulifunga. Kumbe kuelewa unaelewa. Kutamka ndiko kulikogoma.

Basi majirani wakaja na viazi vyao na pole zao. "Kamwene, Baba Devota." Ukaitikia, ukauliza ya nyumbani kwao, ya watoto, ya shamba, wala hukuruka kitu. Wakatoka wakitangaza mtaa mzima kuwa umepona. Jumuiya ilipokuja kusali, Baba Yetu ukaimaliza kabla yao. Hata mbuzi wa jirani alipoingia kwenye maharage ulimkaripia kwa Kibena safi, mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Mama hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa anakuuliza unataka uji au chai, nawe unamtazama tu. Jikoni akaniambia, "Kwa Mungu anaongea, kwa majirani anaongea, hata kwa mbuzi. Kwangu hana neno. Nimemkosea nini baba yako?"

Aliamini umemnunia, Baba, na ile imani ilikuwa inamla. Ndiyo maana nikapanda gari kurudi Njombe kumwuliza daktari. Akanieleza kwamba maneno ambayo mtu anayatafuta mwenyewe hutoka hasa upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko damu ilikoshindwa kufika. Salamu, sala na makaripio tumeyarudia tangu utotoni, hayahitaji kutafutwa. Yana njia yake, kama mguu unavyojua njia ya kisimani. Nikamwuliza: kwa hiyo kusema uji au chai ni kazi kubwa kuliko kusali Baba Yetu nzima? Akasema kwako ndiyo, tena kubwa sana. Nikatoka na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Je, Kibena na Kiswahili vinalala chumba kimoja? Na majina ya watu je?

Nilimsimulia Mama yote hayo. Kesho yake akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akabisha mlango wa mbele kama mgeni. "Hodi." Ukasema karibu. Mkasalimiana, ukamwuliza habari za nyumbani kwake, naye akakujibu taratibu kwamba mume wake anaumwa ila anaendelea. Tangu hapo ikawa kila siku. Nilimtania kwamba anajitembelea mwenyewe. Yeye alikuwa anazungumza na mume wake.

Mpaka asubuhi ile ya ukungu. Alibisha, ukasema, "Karibu," kisha ukakwama. Midomo ikahangaika, jasho likakutoka na baridi yote ile. Halafu ukasema, "Anjelina."

Maisha yangu yote nilikusikia ukimwita Mama Devota, kama wengine wote. Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Baadaye aliniambia hilo ndilo jina ulilomwita mlipokuwa wachumba kule Uwemba, kabla sijazaliwa nikawafunika wote wawili kwa jina langu.

Nimekukumbuka sana, Baba. Mama ni mzima, ila akifika mlango wa mbele hupunguza mwendo. Nikikutana na daktari nitamwuliza jina lile lilipita njia gani, maana halimo kwenye salamu wala kwenye sala. Mama hana haja ya jibu. Anasema ulilitafuta mwenyewe.

Pumzika, nasi tunaendelea kukusalimu.

Mwanao wa kwanza,
Devota