Mtu Aliyejiita Kalala

UMOJA WA FAMILIA ZA KOLWEZI, TAWI LA MWENE-DITU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumapili, 18 Mei 2025, mwaka wa thelathini na mbili tangu tufukuzwe Kolwezi na kupakiwa kwenye treni hadi huku, nchi ya babu zetu.
Mahali: Chumba cha katekesi, nyuma ya parokia.

Waliohudhuria: Tata Tharcisse (Mwenyekiti), Tata Ildephonse Mulumba (Katibu), Mama Godelieve, Mama Bilonda, Shekina, Tata Abibu (msafirishaji, mjumbe mwalikwa), na wajumbe wengine tisa.
Aliyeomba ruhusa: Mama Henriette, anayemuuguza mumewe.
Ambaye hakufika na hakutoa taarifa: Gradi, msimamizi wa kundi letu la simu.

KUMB. NA. 1/05/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu mchana. Kwa kawaida, kabla ya ajenda yoyote, kila mjumbe husimama akataja nyumba: jina lake, jina la mzazi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi alikoishi Kolwezi, namba ya nyumba, na kitu kimoja kilichobaki ndani. Mwenyekiti aliagiza kwamba safari hii nyumba zisitajwe. Mama Bilonda aliuliza kama siku hizi imekuwa aibu kutoka kambi ya Musonoie. Mwenyekiti alijibu kwamba si aibu, akaomba ajenda isomwe.

KUMB. NA. 2/05/2025: TAARIFA YA SHEKINA

Shekina, ambaye marehemu baba yake alikuwa rafiki yetu wa kambi ya Musonoie, alieleza kwamba anafanya kazi nyumbani kwake kwa kompyuta. Huandika kwa maneno sauti zilizorekodiwa na kutafsiri, kwa yeyote anayemtumia kazi. Hana mwajiri wa kudumu.

Alikumbusha kwamba mwezi wa Januari mtu asiyejulikana aliingia katika kundi la simu na kutaja nyumba kwa sauti. Alijiita Kalala, mtoto wa Mama Godelieve, aliyepotea akiwa na miaka mitano kwenye kituo cha treni cha Kolwezi, wakati watu wakisukumwa kuingia mabehewani. Alitaja kambi, namba ya nyumba, na cherehani iliyobaki ukumbini. Wajumbe wengi walilia siku ile, na hakuna aliyemuuliza swali.

Mwezi wa Februari mtu huyo alitangaza kwamba ofisi moja ya Kolwezi inatafuta watu wanaojua Kiswahili cha kambini, ili waandike simulizi za wazee. Shekina aliomba kazi hiyo. Alitakiwa kutuma picha ya kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, mbele na nyuma, picha nyingine ameishika kadi hiyo karibu na uso, sauti yake akisoma ukurasa mmoja, na tarakimu za siri zilizoingia katika simu yake. Alisita, akauliza katika kundi. Mama Bilonda ndiye aliyemjibu.

Kazi haikuja. Badala yake zilisajiliwa laini za simu kwa jina la Shekina, na uso wake ukawekwa kwenye matangazo kama mkuu wa wafanyakazi wa ofisi hiyo. Vijana wa miji ya Likasi na Tenke, wanaojitafutia kazi kama yeye, walimtumia huyo "Madame Shekina" kadi zao, nao wakaporwa majina. Wameshtaki. Shekina ameitwa na mwendesha mashtaka afike Jumanne, na ameambiwa asipoleta maelezo ya kutosha atazuiliwa. Ana mtoto anayenyonya.

Mama Bilonda alisema kwamba vijana wa leo wanataka kulipwa wakiwa wameketi, na kwamba wazazi wao walishuka mgodini bila kumpelekea mtu picha ya uso. Shekina alijibu, na Mwenyekiti aliamuru jibu liandikwe kama lilivyo:

"Mama Bilonda, njo weye uliniambia mutoto wa Mama Godelieve hawezi kunidanganya. Mi nilikuamini weye, haiko yeye."

Mama Bilonda aliomba iandikwe pia kwamba Gradi ndiye aliyemfungulia mtu yule mlango wa kundi na leo hayupo. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/05/2025: TAARIFA YA TATA ABIBU

Tata Abibu, ambaye lori lake hufika Kolwezi mara kwa mara, alieleza kwamba alitumwa na Mwenyekiti kuitafuta ofisi iliyotajwa katika matangazo. Mahali palipotajwa alikuta mama anayeuza mkaa na mihogo. Alimuuliza kama yeye ndiye mkuu wa wafanyakazi. Mama yule alimwambia kwamba Tata Abibu ni wa nne kuuliza mwezi huu, na kwamba wote wanaondoka bila kununua hata fungu moja la mihogo. Wajumbe wachache walicheka. Tata Abibu alisema yeye alinunua.

Kisha alikwenda kwenye nyumba ya zamani ya Mama Godelieve. Familia iliyomo iko pale tangu mwaka ule tulipotoka. Hawamjui Kalala yeyote, wala hakuna mtu aliyewahi kuja kuiulizia nyumba hiyo. Mama Godelieve aliuliza kama mlango bado ni wa rangi ya kijani. Tata Abibu alijibu kwamba mlango umebadilishwa.

KUMB. NA. 4/05/2025: USHUHUDA WA MZAZI ULIOTOLEWA MWEZI WA MACHI

Mwenyekiti alieleza jambo lililofanya kikao kiitwe. Kwa kuwa vyeti vingi vilipotea njiani, Umoja wetu hutoa ushuhuda wa mzazi, wenye muhuri, na ofisi za hapa huukubali. Mwezi wa Machi Mama Godelieve alitamka mbele ya mashahidi wawili kwamba mtu yule ni mwanawe, na ushuhuda ukatolewa na kutumwa kwa mtu huyo kwa simu. Kwa ushuhuda huo amepata kadi ya mpiga kura kwa jina la Kalala. Machoni pa mwendesha mashtaka, Kalala ni mtu halali, mwenye mama, anayejulikana na Umoja. Kwa hiyo Shekina anaposema alidanganywa na mgeni asiyemjua, anaonekana mshirika wake. Kwa mujibu wa kanuni zetu, ushuhuda wa mzazi hauwezi kufutwa na Mwenyekiti wala na kikao. Hufutwa na mzazi aliyeutoa.

Mama Godelieve alisema kwamba mtu anaweza kuwa mwizi na bado akawa mtoto wa mtu. Alisema pia kwamba Shekina ana mama anayemlilia, akauliza Kalala ana nani.

Mama Bilonda alimsihi kwa upole, akimwita dada, na kumkumbusha kwamba wao wawili walilala mkeka mmoja pale kituoni, wiki zile za kusubiri mabehewa. Mama Godelieve alimwambia kwamba yeye, Bilonda, alipanda behewa na watoto wake wote.

Tata Abibu aliomba radhi kwa kuingilia mambo ya wenyewe, akauliza jambo moja tu: kama mtu yule amewahi kumwambia Mama Godelieve kitu chochote ambacho yeye mwenyewe hajakisema katika vikao au katika kundi. Cherehani, namba, kambi, shati la mistari siku ya kupotea, yote hayo Mama ameyataja miaka yote ili mwenye habari amtambue mtoto.

Mama Godelieve alimjibu. Alieleza kwamba kuna jina alilokuwa akimwita mtoto nyumbani, ambalo hakulitaja popote. Alilitunza ili siku moja amjue kwalo. Mwezi wa Machi, baada ya ushuhuda kutoka, mtu yule alimwambia: mama, unikumbushe jina ulilokuwa unaniita nikiwa mdogo. Hakumpa. Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakueleza wakati ule. Alijibu:

"Nilijua siku ile ile, Tata. Lakini kila asubui alikuwa ananipigia, ananiuliza kama nimelala muzuri. Hakuna mutu mwingine anayeniuliza."

Shekina aliondoka kitini kwake akaketi chini karibu na Mama Godelieve. Baada ya hapo Mama Godelieve alimgeukia Katibu akasema:

"Andika. Ule haiko mutoto wangu. Mutoto wangu alipotea ku gare ya treni, na mi sijamuona tena."

AZIMIO: Ushuhuda wa Machi umefutwa na mzazi aliyeutoa. Alitia alama ya kidole mbele ya kikao. Mwenyekiti, Mama Godelieve na Mama Bilonda watamsindikiza Shekina siku ya Jumanne. Mama Bilonda alijitolea kabla hajaombwa.

KUMB. NA. 5/05/2025: DESTURI YA KUTAJA NYUMBA

Mwenyekiti alipendekeza desturi hii ikome. Katibu alikumbusha kwamba ilianza pale pale kituoni: watu walitaja nyumba kwa sauti kubwa, behewa hadi behewa, ili aliyepotezana na wenzake awasikie. Haikuwekwa kwa ajili ya wezi, ila mwizi naye ana masikio.

AZIMIO: Nyumba hazitatajwa tena katika simu. Zitatajwa kwa mdomo tu, katika chumba hiki, kati ya watu wanaoonana. Na kila familia ibakize jambo moja lisilotajwa kamwe, kama alivyofanya Mama Godelieve.

Nyumba zikatajwa. Ilipofika zamu yake, Mama Godelieve alisimama akataja kambi, namba, na cherehani. Safari hii hakutaja kwamba anamtafuta mtu.

KUMB. NA. 6/05/2025: SAFARI YA JULAI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba lori la Tata Abibu litawabeba wajumbe wanaotaka kuzuru makaburi ya Kolwezi. Mama Godelieve, aliyekuwa anakwenda kuonana na mwanawe, aliomba jina lake liondolewe. Katibu alikuwa ameandikwa kama msindikizaji wake. Mwenyekiti alimuuliza kama jina lake libaki, kwa kuwa makaburi ya wazazi wake yako kule. Katibu aliomba ajibu kwa maandishi.

KUFUNGA

Hapakuwa na jambo jingine. Watu walitawanyika saa kumi na moja jioni, Mama Godelieve akishikwa mkono na Shekina.

Tharcisse, Mwenyekiti (sahihi)
Ildephonse Mulumba, Katibu (sahihi)

Jibu la Katibu kwa KUMB. NA. 6/05/2025: Jina langu liondolewe. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya mtu aliye hai, si kwa makaburi. Sitarudi Kolwezi.