Kata ya Mbege Iliyomiminwa kwa Samaki

Kibosho, Moshi
6 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Hujambo huko Hamburg? Victoria na watoto hawajambo? Baridi imewaachia kidogo? Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua nikipanda kutoka kanisani. Ng'ombe amezaa jike, tunashukuru.

Salamu zimetosha. Nina hasira, Wense, utanivumilia.

Nimesikia kaka Filemon alikutumia sauti kwenye simu kwamba Tito ameua samaki wako kwa makusudi, nawe ukajibu, "Tito aondoke nyumbani kwangu." Basi, hukuuliza zaidi. Nyumba ya baba ni yako, wewe ndiye kitinda mimba, hilo halina ubishi. Lakini Tito ni mtoto wa katikati, hana kihamba cha kurithi wala chumba kingine duniani. Sasa nisikilize mimi niliyekuwepo.

Tangi lako la samaki wa maji chumvi Tito alilitunza kama mgonjwa. Ulimwambia fosfeti imepanda kwa sababu ya chakula cha samaki, mwani unafunika matumbawe, hivyo kila asubuhi atie vodka kidogo kwa bomba la sindano, bakteria waongezeke, waile hiyo fosfeti, kisha mashine ya povu iwatoe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Pombe kwa samaki, jamani! Lakini alipima tone kwa tone, yeye mwenyewe hakulamba, na mwani ukaanza kupungua.

Krismasi tukapika mbege yetu ya ndizi. Desturi unaijua, mwenye nyumba hapitwi. Filemon, kama mzaliwa wa kwanza, akajaza kata yako, akatazama huku na huku, hupo. Alikuwa amelewa chakari. Akaenda kwenye tangi akaimimina yote, anapaza sauti, "Pokea fungu lako, mdogo wangu, si hata samaki wako wanakunywa!" Watu wakapiga makofi. Tito alikuwa zizini anakamua. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeona kwa macho haya mawili.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama maziwa. Bakteria walishiba sukari na pombe, wakazaana kupita kiasi, wakamaliza hewa yote majini. Samaki walihema juujuu, wakafa mmoja mmoja, Tito akilia kama mtoto.

Filemon akaamka na kichwa kizito, hakumbuki kitu. Kuona samaki wamegeuza matumbo juu, akamrukia Tito. Alimpiga ngumi ya mdomo, akampigiza kwenye tangi mpaka kioo kikapasuka, maji na damu vikatapakaa sebuleni, kisha akamkanyaga mbavu juu ya vipande vile vya kioo. Tulimvuta watu wanne. Anaeli, mke wa Filemon, alijaribu kumshika mumewe, akang'atwa mkono.

Ulipotoa neno lako, Tito akaenda kwa Filemon na jani la sale, kuomba msamaha wa kosa ambalo si lake, ili tu arudi ndani. Wense, nani hapa mlimani amewahi kulikataa sale? Filemon alilifyeka kwa panga likiwa mkononi mwa ndugu yake. Vidole viwili vilikwenda pamoja na jani. Niliviokota chini ya mibuni, nikavifunga kwenye kanga, tukakimbia navyo hospitali. Havikuungika.

Nilimwambia Filemon usoni kwamba aliyemwaga mbege ni yeye. Akanikimbiza na panga lilelile mpaka migombani. Nikimpata akiwa mkono mtupu, atanitambua!

Kumbe Tito alijua tangu siku ileile, watu walimwambia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Dada, ningesema, Wense angemchukia kaka. Mimi nimeshazoea kukosa." Nililia, nikamtukana, nikalia tena.

Sasa amelala kwangu, mkono umefungwa, na kila simu inapolia anauliza kama ni wewe. Mpigie umrudishe nyumbani. Neno lako ndilo lililomtoa. Ukinyamaza, basi panga lile mlilishika wawili.

Nisalimie Victoria na watoto. Anaeli anakusalimu, na shangazi Kornelia anakuombea kila jioni. Mungu akulinde njiani na kazini, na akulainishe moyo leo, si kesho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Margareta