Watoto Wawili wa Ziada

Jumamosi, 4 Mei

Gauni la dira la bi harusi bado upindo wa chini. Kola nimeifumua mara mbili, mteja ana shingo fupi na hakubali kuambiwa. Simu ikalia. Nikajua ni pesa za mradi wa kusaidia watoto, leo ndiyo siku yake. Kumbe nusu. Chini yake ujumbe wa Kisomali: umelipwa zaidi ya haki yako tangu mwaka jana, watoto wawili wa ziada, fika ofisini.

Nimeusoma mara tatu. Watoto wawili wa ziada! Nyumbani kwangu wa ziada ni nani? Mchana nilipopakua wali nikawatazama mmoja mmoja: Fumo, Amina, Maka, Ali, Nuru. Watano. Sahani moja kubwa, mikono mitano. Sikumwona wa ziada.

Unga uliopo ni wa siku sita. Mume wangu Mbwana hupata kibarua bandarini siku meli ikiwepo, na meli haipo.

Jumapili, 5 Mei

Ofisi ya mradi. Nimefika saa mbili, nimeitwa saa sita. Kijana wa dawatini anaitwa Liban. Si mkorofi, na hilo ndilo linalonikera. Mkorofi ningemjibu. Huyu kila neno "eeddo", yaani shangazi. Mimi si dada wa baba yake. Lakini shangazi nimekuwa, bila cheti wala shahidi.

Akanigeuzia kompyuta nione. Fumo, Amina na Ali, jina la baba Mbwana. Maka na Nuru, jina la baba Athmani. Akasema siku ya kuandikishwa niliulizwa nina watoto wangapi, nikajibu watano.

Nilijibu watano. Nijibu nini tena? Dada yangu Somoe alifia Chovai kwa homa ya uzazi, Nuru ana siku tisa. Mumewe Athmani alikwenda Yemen kutafuta riziki, hatujamsikia mpaka leo. Ali wangu alikuwa na mwezi mmoja. Nikamweka Ali titi la kulia na Nuru la kushoto. Maka akiwa na miaka mitano alikuja na kifurushi chake cha nguo, akalala miguuni pangu. Mtu akiniuliza nina wangapi, nianze kuchambua kama mchele?

Kuna fungu la mayatima, Liban akasema, ila linataka cheti cha kifo cha baba. Cheti cha mtu aliyepotea Yemen! Nikamuuliza nani anayekitoa. Akasema hajui, eeddo.

Amenipa karatasi. Nitie saini kwamba Maka na Nuru si watoto wangu. Nikitia, wale watatu wataendelea kulipwa, na watakata kila mwezi mpaka ziada irudi. Nisipotia, faili inafungwa, wote watano. Nimepewa mpaka Alhamisi. Kabla ya hapo atakuja mtu kuhakiki nyumbani.

Nimerudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira hata nauli nikaisahau mfukoni.

Jumatatu, 6 Mei

Si mimi peke yangu. Jirani yangu Bi Arafa kapata ujumbe ule ule. Yeye ana mtoto mmoja wa ziada, wa marehemu dada yake. Nyumba ya pili yake pia. Mtaa huu ni sisi watu wa visiwani, wa Chovai, wa Ngumi, wa Fuma, na wanawake wote tulijibu namna moja, kwa sababu kwetu hakuna namna nyingine. Mtoto wa ndugu yangu wa kiume nitamwita mwana wa kaka. Mtoto wa dada yangu hana jina jingine kwangu. Ni mwanangu. Mimi ni mama yake mdogo, na mama mdogo ni mama.

Sasa tunaitwa wezi. Bi Arafa kaambiwa ana bahati hawampeleki polisi. Mwanamke ana miaka sitini na tano!

Mbwana kasema nitie saini yaishe. "Mchu hali karatasi," akasema; mtu hula unga. Nikamwambia basi tia wewe. Akasema si yeye aliyejiandikisha. 

Najua unga unakwisha. Simhitaji anikumbushe.

Ninachokiogopa si unga. Nuru hajui. Anajiona pacha wa Ali, mtaa mzima unawaita mapacha, na kwenye chuo cha Kurani anaitwa Nuru tu. Nilisema nitamwambia akifika miaka kumi, kwa mdomo wangu, siku nitakayoichagua mimi. Bado miaka mitatu. Maka anajua, na Maka hana maneno.

Jumanne, 7 Mei

Mhakiki kaja.

Siwezi kuandika.

Jumanne, baada ya alasiri

Naandika. Kama siandiki nitapasuka.

Kaja watoto wametoka chuoni, bado wana mbao za kuandikia mikononi. Mtu mzima, ndevu zimepakwa hina. Hakukaa, maji hakunywa. Akawapanga ukutani kama mizigo ya forodhani, akaita majina yao na ya baba zao. Fumo Mbwana, akaitika. Amina Mbwana. Ali Mbwana. Maka Athmani, akaitika kwa sauti ndogo. Nuru Athmani.

Nuru hakuitika. Akamtazama Ali.

Akaita tena. Nikasema ni yule, andika uende zako. Hakuandika. Akainama, akamuuliza mtoto: mama yako ni yupi? Nuru akaninyooshea kidole. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema kwa Kisomali kisichohitaji kufasiriwa: hapana, huyu ni mama yako mdogo, mama yako amekufa.

Kisha akampiga picha.

Nilikuwa na mkasi mkononi. Namshukuru Mungu niliuweka chini. Nikamwambia atoke. Akasema mlangoni: nyinyi watu wa visiwani mnaazimana watoto.

Kuazimana! Sufuria ndiyo huazimwa. Nyundo huazimwa. Nani aliniazima Nuru, na nimrudishe kwa nani?

Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka saba nimelitunza neno lile, mtu wa mshahara kalimwaga kwa pumzi moja kisha akapanda pikipiki.

Jumatano, 8 Mei

Nuru hakula. Hakuniuliza mimi. Kamuuliza Maka, nimewasikia nyuma ya pazia. Aliuliza kama mama alikuwa mweupe au mweusi. Maka alikuwa mdogo naye, akasema hakumbuki.

Nimemwita, nimemkalisha, nimemweleza yote. Homa, Chovai, titi la kulia na la kushoto. Kasikiliza. Kasema "ee". Kaenda kucheza, hakucheza.

Namchukia yule mtu. Nimesema. Mungu anisamehe au asinisamehe.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda na kalamu yangu mwenyewe. Nimeisoma karatasi yote mbele ya Liban, neno kwa neno. Shule niliisomea kambini Kenya, sikuisomea bure. Pale palipoandikwa kwamba watoto hawa wawili si wangu nikapiga mstari. Juu yake nikaandika: sikuwazaa. Nikatia saini chini ya hilo.

Akasema eeddo, karatasi haibadilishwi. Nikamwambia uwongo siutii saini. Sikuwazaa, ni kweli, andika, kata unachotaka kukata. Si wangu, ni uwongo.

Akasema mfumo unakubali ndiyo au hapana tu.

Nikamuuliza: wewe dada mdogo wa mama yako unamwita nani? Akasema habaryar. Maana yake? Akatabasamu kidogo, akasema mama mdogo. Nikamwambia basi lugha yako inajua, wewe unajua, ni hiyo kompyuta yako tu haijui. Akainamisha kichwa. Nilidhani nimemshinda.

Hakushindwa. Alisema bila karatasi safi hana la kufanya, faili itafungwa mpaka wakubwa waitazame, na hajui lini. Hata alipokuwa akiifunga aliomba radhi. Nikamwambia radhi haipikwi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Na mzazi ni nani, nao waiulize kompyuta.

Jumamosi, 11 Mei

Unga umekwisha jana. Bi Arafa alitia saini. Simlaumu. Kanipa vibaba viwili na hakunitazama usoni, nami nikavichukua na sikumtazama.

Mbwana hasemi nami. Fumo kauliza kama ni kweli tungelipwa kama ningeandika jina langu tu. Nimempiga kofi. Halafu nimejuta. Halafu nikakasirika tena, kwa sababu alikuwa anauliza ukweli.

Labda ni kiburi. Nimewanyima watano kwa ajili ya neno moja. Nimelifikiria wiki nzima, na kila nikilifikiria mkono unakataa.

Jumatano, 15 Mei

Dira tatu. Mteja mmoja kalipa, mmoja kaahidi. Mbwana kapata kibarua siku mbili. Kaleta sukari, kaiweka mezani. Nimemchemshia chai.

Mradi kimya.

Ijumaa, 17 Mei

Asubuhi Nuru kaja na kitana. Kakaa chini, kaniegemea magotini kama kila Ijumaa. Kisha kasema, mama mdogo, nisuke.

Mama mdogo. Mara ya kwanza. Nimeukamata mkeka kwa mkono mmoja.

Nimemgawa nywele, nimeanza mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nikamuuliza taratibu kwa nini leo kaniita hivyo. Hakugeuka.

"Wale wachu wakiya," akasema, "wasione kosa."

Nimemsuka mistari minane. Nimetia mafuta ya nazi.