Ameniletea Tiketi Badala ya Wajomba

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikipita ushauri wako hautakuwa na kazi tena. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niliingia Ubelgiji kama mkimbizi nikiwa na mtoto mgongoni, sasa naishi Anderlecht na nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Jette, na mwanangu wa kwanza, Mwenze, ni kipa wa akiba wa timu ya ligi ya pili ya Ufaransa, katika mji wa kaskazini ambao jina lake naliacha, mji ulio karibu kiasi kwamba ukitoka hapa kwa gari baada ya chakula cha mchana unafika kabla njaa haijarudi, na bado tangu msimu uanze mwezi wa nane sijamwona isipokuwa kwenye televisheni, na hata huko namwona pale tu kamera inapomtafuta kocha, kwa sababu mwanangu huketi karibu na kocha, amevaa kizibao, mikono ndani ya glavu ambazo hazijagusa mpira wa mechi hata mara moja.

Nikueleze tulivyofika hapa. Mwaka jana alituambia kuna timu inamtaka, nikafurahi, nikapeleka suti yangu kwa dobi, maana kwetu mtoto hatoki nyumbani kwenda kwa watu wengine hivi hivi, wazee hukaa, huzungumza, humkabidhi, kwa hiyo nikangoja aniambie siku ya kusaini, na siku hiyo sikuambiwa, nilikuwa kazini namsukuma mama mmoja kumpeleka kupigwa picha ya nyonga, simu ikaita, alikuwa Papa Hilaire, mwenyekiti wa umoja wetu wa watu wa Kivu.

“Félicitations, Papa Mwenze! Niko naona foto ya mutoto anasinia contrat. Lakini weye uko fasi gani kwa iyi foto?”

Nikaitafuta hiyo picha. Mwanangu yuko katikati na kalamu, kulia rais wa timu, na kushoto, mahali pangu, mzungu mmoja amemwekea mkono begani akitabasamu kama baba aliyeozesha. Jioni Mwenze alikuja nyumbani na jezi yenye jina letu mgongoni. Sikuigusa. Nikamwuliza kwa nini sikuitwa.

“Papa, ile ni contrat, haiko mariage.”

“Na ule muzungu mwenye kukushika bega ni nani? Ni baba yako?”

“Ni Wouter, agent. Ni kazi yake.”

“Bon. Basi enda kwa Wouter. Hapa utarudia na banatonton, uombe pardon kama mutoto wa batu.”

Akaenda, na hajarudi.

Wewe unaijua desturi yetu, mtoto akimkosea baba haji peke yake, hutanguliwa na wajomba, ndio hao banatonton, wanaleta mbuzi au, hapa Brussels, kreti ya bia, mjomba anasema, baba anakataa kidogo, mjomba anasema tena, baba anakubali, watu wanakula. Shemeji yangu Bienaimé ndiye angeongoza. Lakini Bienaimé na wenzake wanafanya kazi kwenye maghala wiki nzima na wako huru Jumamosi na Jumapili, na mwanangu mwisho wa wiki ndipo ana mechi, au safari, au mazoezi, na kila nikiuliza naambiwa, “Beau-frère, mutoto iko prêt, problème ni calendrier.” Nimewahi kuona watu wakishindwa kuomba msamaha kwa kiburi, kwa aibu, kwa ulevi, lakini kwa ratiba ya ligi ya Ufaransa sijawahi.

Basi msimu mzima nimeketi mbele ya televisheni nikitazama mechi ambazo hata mimi nakiri hazina uzuri, mvua, ukungu, mpira wa kona unapigwa nje, na mimi sitazami mpira. Nangoja kamera irudi benchi. Nimeona alivyofuga ndevu. Mwezi wa kwanza nilimwona amejifunika blanketi, nikainuka nikawasha hita, kana kwamba joto la Anderlecht lingemfikia. Timu ikifunga yeye ndiye wa kwanza kuruka. Na kila mara kabla ya kukaa huligeukia jukwaa, analipitia kwa macho polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndipo anakaa, na mimi nasema, tazama majivuno, anajionyesha kwa mashabiki ambao hawamjui.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Mke wangu Thérèse aliniaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Timu ikafunga goli, kamera ikageukia jukwaa, na nani namwona anarukaruka na skafu ya timu shingoni? Thérèse wangu! Aliporudi, sauti imemkauka, nilikuwa nimeketi palepale.

“Chorale ilikuwa namna gani?”

“Bien. Tuliimba mingi.”

“Na sauti yako iko fasi gani?”

“Ni ule wimbo mupya, Papa Mwenze. Iko juu sana.”

Nilimwonea wivu. Yeye alikuwa amepumua hewa moja na mtoto.

Sasa kipa wa kwanza ameumia goti. Jumamosi hii ni mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani kwao, tukishinda tunabaki, tukitoka sare tunakwenda mchujo na timu ya ligi ya tatu, tukifungwa tunashuka, na atakayesimama golini ni Mwenze. Mkataba wake unaisha msimu huu, na hakuna anayejua kama watampa mwingine. Juzi Thérèse aliweka tiketi mezani, kando ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu.

“Mutoto amesema, kama unapenda.”

“Kama napenda? Na banatonton?”

“Papa Mwenze, weye unataka mutoto ao unataka réunion?”

Nikampigia Papa Hilaire. Akasema, “Baba hafwatake mutoto ku stade. Ukienda, ni weye umeomba pardon.” Na mimi naona ana haki, nikienda kabla Mwenze hajaja, yeye amekuwa baba na mimi mtoto, na wadogo zake watatu wananitazama. Lakini mshauri, msimu mzima nimemwona ameketi. Nataka kumwona amesimama. Nifanye nini?

Éliézer, Anderlecht

*

Papa Mwenze,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa hasira. Nikairudia, na mara ya pili nilifika kwenye hita nikashindwa kuendelea. Baba anawasha hita Anderlecht ili mtoto aliye Ufaransa asisikie baridi, kisha baba huyohuyo anauliza kama inafaa kwenda kumwona! Wewe jibu unalo. Unataka mimi niwe mtu wa kulaumiwa na Papa Hilaire. Sawa, nakubali kazi hiyo, nimelaumiwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Kwanza nikupe haki yako. Picha ile ilikuwa kosa, na Mwenze akisoma hapa aisikie kwangu. Kijana, mkataba si ndoa, kweli, lakini saini ya kwanza ya maisha yako husainiwa mara moja tu, na mtu aliyevuka mipaka na wewe mgongoni alistahili kusimama mahali pale aliposimama wakala. Ungempigia simu. Dakika moja ingetosha. Baba yako alikuwa na suti safi.

Basi, haki yako imeishia hapo.

Nusu ya maisha yangu nimeisoma desturi yetu katika vitabu vya wamisionari, walioandika kwamba sisi ni watu wa vikao visivyo na mwisho na kesi zisizo na hukumu. Waandishi wa namna hiyo hawajaisha. Wengine wamestaafu hapa Brussels, nakutana nao kwenye mikahawa ya Flagey na nabishana nao mpaka kahawa inapoa. Nawaambia: hapana, bwana, hukuelewa ulichokiona. Wajomba huja na mtoto kwa sababu mtoto anaogopa. Wanatangulia ili maneno makali ya baba yawakute wao kwanza. Desturi ile ilitungwa na watu waliojua kwamba baba mwenye hasira hupenda kurudi nyuma lakini hajui njia, kwa hiyo wakamtengenezea njia, wakaweka na bia. Na wewe umeichukua njia hiyo ukajenga juu yake kituo cha mpakani! Unamdai mwanao viza. Wewe, uliyeketi kwenye mabenchi ya ofisi za wakimbizi ukingoja jina lako liitwe, umeona vema umweke mtoto wako kwenye benchi jingine?

Na usiniambie habari za ratiba. Ulijua wajomba wako huru mwisho wa wiki. Ulijua ligi inachezwa mwisho wa wiki. Uliweka sharti lisilowezekana, kisha ukakaa mbele ya televisheni kuhuzunika kwamba halijatimizwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililoniumiza. Umeandika kwamba mwanao hulipitia jukwaa zima kwa macho kabla ya kukaa, na ukayaita majivuno. Papa Mwenze, mama yake yuko pale. Tiketi za mama anazitoa yeye, kiti cha mama anakijua. Mtu anayemtafuta mtu ambaye kiti chake anakijua hatazami jukwaa zima. Basi niambie, mechi baada ya mechi, katika mvua ile na ukungu ule, alikuwa akimtafuta nani?

Pumzika kidogo hapo. Halafu tuendelee.

Papa Hilaire ni mwenyekiti wa umoja. Aongoze misiba, aongoze sherehe, apange viti. Nyumbani kwako hana kura. Kuna wanaume wengi wa namna yake katika mji huu: nyumbani hawasikilizwi na watoto wao wenyewe, kwa hiyo wanalinda heshima ya akina baba wengine. Anasema ukienda utakuwa umeomba msamaha. Na ukiwa umeomba, ni mfupa gani utakaovunjika? Unawaogopa wale wadogo watatu wanaokutazama. Kweli wanakutazama, na wanajifunza sasa hivi ni muda gani baba anaweza kukaa bila mtoto. Unataka wajifunze kwamba ni msimu mzima?

Ulimwambia aende kwa Wouter, na bado unaandika “tukishinda tunabaki”. Wewe umo katika timu ile kuliko rais wake.

Kuhusu Thérèse: usimwulize tena habari za kwaya. Alikudanganya, ndiyo, na ni uongo nisioutetea, lakini ulikuwa umemwachia nafasi gani ya kusema kweli? Alirudi bila sauti, akakupikia, akaweka tiketi mezani bila kukuhubiria. Swali lake kuhusu mtoto na réunion, yaani kikao, lilikuwa ushauri tosha. Mimi nalirefusha tu ili lijaze safu.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, mpigie Bienaimé. Mwambie kikao cha wajomba kitafanyika Jumamosi, na kitafanyika uwanjani. Wajomba wako huru, mtoto yuko pale, baba yuko pale, calendrier imekwisha. Wakikosa tiketi wangoje nje, wajomba wa kweli wanajua kungoja nje. Nendeni gari moja. Bia ibaki kwenye buti, na Thérèse abebe sombe, maana kipa aliyetoka kwenye mechi ya namna hiyo atakuwa na njaa, ameshinda au ameshindwa.

Mechi ikiisha, simameni pale wachezaji wanapotokea. Bienaimé aseme sentensi moja. Kijana aseme ya kwake. Wewe ukatae kidogo, kama desturi inavyotaka, na nasema kidogo, sitaki kusikia hotuba, halafu ukubali. Na wewe pia una la kusema. Mwambie ulingoja siku ya kusaini ukiwa na suti. Sidhani kama anajua.

Lakini ikiwa wamefungwa, timu imeshuka, na mtoto anatoka macho mekundu, usilete maneno ya msamaha siku hiyo. Mwambie Bienaimé anyamaze, hata kama ameyakariri maneno njia nzima. Mshike mwanao, mlishe, mpeleke nyumbani alale kitandani kwake. Wajomba watarudi wiki ijayo. Msimu utakuwa umekwisha, kila mtu atakuwa na nafasi.

Wakati wa mechi usimpigie kelele za mafundisho. Hukuwahi kuwa kipa. Mpira ukipita kati ya mikono yake, na unaweza kupita, huyu ni kijana aliyekaa benchi mwaka mzima, usishike kichwa. Kaa vilevile ulivyokuwa umekaa. Kipa aliyefungwa goli la kipuuzi huinua macho, na hatapenda kukukuta umeinamisha yako.

Na ondokeni mapema. Makipa hutoka kupasha misuli kabla ya wachezaji wengine, na saa hiyo jukwaa bado lina watu wachache, kwa hiyo baba akisimama anaonekana.