Nidai Nini Tena kwa Mama Wakili?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimejiingiza mwenyewe kwenye jambo ambalo hata kulieleza naona aibu.

Mimi ni mshona mapazia, mume wangu ni fundi friji, mtaani wanamwita Bwana Baridi, si kwa ajili ya friji tu bali kwa sababu hana maneno, na miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nasema mimi anaguna yeye, nasema anaguna, mpaka siku moja nikanyoa nywele zote kichwani nikakaa mbele yake mezani, akala, akanawa, akaenda kulala, hakusema kitu, na asubuhi yake nikafungasha nguo nikahamia kwa dada yangu. Watoto hatukujaliwa, tuna vitu tu vya kugawana, basi dada akanipeleka kwa mawakili anaowafahamu, mama na binti yake, wana ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la magodoro, binti anashughulika na mikataba na kuandikisha biashara, mama ndiye wa wosia, mirathi na ndoa, na yeye hapeleki karatasi mahakamani mpaka mume na mke wakae kwanza mbele yake wakubaliane nani anachukua nini.

Sasa mama wakili ana utaratibu wake. Kila Ijumaa mchana mnajadili kitu kimoja tu, na huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka kwanza urudie alichosema, naye akubali kwamba ndicho alichosema. Siku ya kwanza kitu kilikuwa godoro, lakini mimi nikajikuta natoa habari ya nywele, na mume wangu akatazama sakafu, akarudia polepole, "Anasema alinyoa nywele, akakaa mbele yangu, mimi sikuona." Mama wakili akaniuliza kama ndivyo, nikasema ndivyo. Hapo ndipo mume wangu akasema, "Niliona. Nilidhani anaumwa, nikaogopa kuuliza nisije nikaambiwa kweli."

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Feni inazunguka taratibu, pazia la dirishani ni fupi, limekatwa vibaya, mwanga unapita chini yake unatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyake, na maneno yangu niliyoyabeba miaka yote yanatoka kinywani mwake, kwa sauti yake, moja moja, hajaangusha hata moja. Siku hiyo nilitembea nikaipita nyumba ya dada bila kuiona, ikabidi nirudi. Tangu hapo naishi kama mtu aliye usingizini, nashona pazia la mteja ndani nje, maji yanachemka jikoni mpaka yanakauka, mimi niko mbali, niko kwenye kile chumba, nasikiliza.

Godoro tukamaliza, tukamaliza cherehani, redio, friji, viti, likabaki kabati la nguo. Yeye akasema nichukue mimi, nami nilipoona tunafika mwisho nikakataa, nikasema alichukue yeye. Ijumaa iliyofuata akakubali kulichukua, nikasema nimebadili mawazo, nalitaka. Nilidhani atakasirika. Kumbe Ijumaa nyingine, nilipopewa kabati nikakosa kisingizio, yeye ndiye aliyesema kwamba amefikiria upya, tulizungumze tena. Binti wakili alikuwa anapita na faili, akacheka, akajidai anakohoa. Dada yangu naye ananiuliza, "Kwani wewe na shemeji mnaachana au mnachumbiana?"

Ijumaa iliyopita mama wakili alivua miwani akasema, "Wanangu, kabati hili limenichosha. Ijumaa ijayo mje mtie saini, au mje mniambie mnataka nini." Mume wangu akaguna, ule mguno wake wa nyumbani, moyo wangu ukashuka. Naogopa tukirudiana tutarudi kwenye miguno, maana nyumbani hakuna wakili, na nikitia saini sitamsikia tena maisha yangu yote. Naomba unisaidie kufikiri, kuna kitu gani kingine ninachoweza kudai, hata kiwe kidogo, ili vikao viendelee?

Mshona Mapazia

*

Dada Mshona Mapazia,

Nilicheka kwanza, nisikufiche, kisha nikahuzunika. Unaniuliza udai nini. Usidai kitu. Ulikwenda kwa wakili kuvunja ndoa, ukapata mahali pa kukutana na mumeo, na sasa unataka mahali hapo pasifungwe. Mama wa watu ana wateja wa mirathi wamekaa kwenye ngazi, wanawasubiri ninyi mmalize kubembelezana kwa kabati.

Na usidhani hajui. Alijua tangu siku ile ulipolikataa. Amewauliza mnataka nini, na kati yenu wawili hakuna aliyemjibu.

Kujibiwa kwa miguno miaka yote si mchezo, pole sana. Lakini na wewe hujasema. Ulinyoa nywele ukakaa ukingoja mtu aote unachotaka. Sasa unakataa kabati, unangoja aote tena. Mnafanana na mumeo, ila wewe unanyamaza kwa maneno mengi. Naye hapandi ngazi zile kila Ijumaa kwa sababu ya mbao, hilo hata dada yako ameliona.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi nenda kwenye karakana yake kabla wateja hawajajaa. Usimbebee chakula, usianze kwa kuulizia afya. Mwambie hutaki muachane, na mwambie pia huwezi kuishi na mtu asiyekuambia kitu. Yote mawili, usimeze moja. Kisha mwombe arudie ulichosema. Akiguna akaligeukia friji lake, utalia, najua, na mimi nitakuwa nimekuliza. Jifute machozi, Ijumaa panda ngazi ukatie saini, na kabati alichukue yeyote. Akirudia, nendeni pamoja kwa mama wakili mkamwombe aache kuwagawia vitu, awasuluhishe, kwa sababu hiyo nayo ni kazi yake. Ule utaratibu wake muuhamishie mezani kwenu, kila siku, hata mkibishania nani kaacha taa inawaka. Utawachosha mwanzoni, mtazoea.

Wakili mzuri atakuandikia, atakutetea, atasimama mbele ya hakimu kwa niaba yako. Kumwambia mumeo kwamba unampenda, hilo hatakusemea. Na mimi nimeisoma barua yako yote, ndefu ilivyo, nimeirudia tena, na neno hilo sikulikuta. Anza nalo kesho.