Asipigwe na Baridi Njiani

Jumapili, tarehe 2 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje? Sisi ni wazima kiasi chetu. Mume wako mdogo anakusalimu, ila anasema mke mwenye kazi ya kufuma masweta mchana kutwa hamfai. Naandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu na nusu nyingine unajibunia mwenyewe.

Hospitali kuu wamejibu. Wale madaktari wa kuziba tundu la moyo wanakuja, na mwanangu, huyo huyo mume wako, amepangwa Alhamisi, tarehe 13. Jumamosi wanaondoka, hawarudi mpaka mwakani, na daktari wetu hakuficha kwamba mwakani ni mbali mno kwa moyo kama huu. Sharti ni afike hana mafua wala homa. Mwenye homa hapasuliwi, nafasi yake anapewa mwingine.

Basi linakwenda siku mbili, katikati tunalala nyumba ya wageni. Baba yake amenyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo ni mimi na mtoto tu. Naogopa, mama. Wewe umehama nasi mara nyingi tukiwa wachanga, niambie nifanyeje.

Ni mimi mwanao.

*

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unaniuma, lakini tumeshazoeana. Mwambie mume wangu aache maringo, hata meno hana.

Sasa nisikilize. Kata tiketi ya siti ya katikati ya basi. Juu ya tairi atarushwarushwa, na karibu na mlango kila anayepanda atampulizia upepo. Basi likipanda mlima mnyonyeshe, masikio yasizibe. Maji yachemshe mwenyewe, uweke kwenye chupa ya chai. Nepi zake, khanga mbili na blauzi yako ya kubadilisha viwe kwenye mkoba wa mkononi, maana mzigo ukishaingia chini ya basi hesabu umeuaga. Chakula kigeni usimwonjeshe hata kidogo. Na watu wa safarini wana huruma, kila mtu atataka kukupokea mtoto. Usimpe mtu. Mwenye kumpenda ampende kwa macho.

Lakini adui mkubwa ni baridi. Nakutumia masweta matatu, kofia na soksi, nimevifuma kwa uzi mzito niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya oda ya shule. Shule watasubiri. Mvalishe vyote, kimoja juu ya kingine, na usimvue hata kimoja mpaka daktari mwenyewe amshike. Unajua kwa nini nasema hivi. Mdogo wako wa mwisho tulitoka naye safari akiwa anacheka, na kabla ya wiki kuisha kifua kikamchukua. Toka siku hiyo sina amani na mtoto aliye njiani. Niahidi utafanya hivyo.

Mama yako.

*

Jumanne, tarehe 11 Juni
Nyumba ya wageni

Mama,

Shikamoo. Hujambo na wasiwasi? Mimi wangu umenizidi kimo.

Tumefika nusu ya safari. Mambo yote nimefanya kama ulivyosema. Nyuma yetu alikaa mzee mmoja anakohoa, nikambembeleza mwanafunzi mmoja tubadilishane siti, akakubali. Dirisha nalo nililifunga. Abiria wakanung'unika kwamba wanaiva, kondakta akataka kulifungua, nikamwambia mtoto huyu anakwenda kupasuliwa moyo. Akaliacha, na abiria wakabaki wanatokwa jasho na kunitazama.

Masweta yote anayo mwilini, sijavua hata soksi. Lakini tangu mchana uso umekuwa mwekundu na hanyonyi vizuri. Anashika ziwa, anavuta kidogo, anaachia. Nikimgusa shingoni ana joto. Nikimwita ananitazama kama mtu aliyechoka na maneno yangu. Naona analegea, mama, na sijui kama ni safari au ni ule moyo. Mwenye nyumba ya wageni alisema nimpunguzie nguo, nikamjibu kwamba mama yangu anajua watoto.

Simu nimemwachia baba yake, kwa hiyo barua hii nampa dereva anayerudi huko asubuhi. Tuombee.

Mwanao.

*

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Sina salamu, utanisamehe. Barua yako nimeisomea hapa ofisi ya mabasi, na jibu naliandikia hapa hapa.

Hiyo ni baridi imeshamwingia. Usimvue. Mwongeze blanketi, mkumbatie kifuani kwako, usimwache hewani hata wakati wa kumbadilisha nepi. Huyo mwenye nyumba ya wageni anajua bei ya vyumba, mambo ya watoto hayajui. Hili lori la jioni, lisilolala njiani, lichukue barua hii likimbie nayo hadi hospitali.

Mama.

*

Alhamisi, tarehe 13 Juni
Wodini

Mama,

Shikamoo.

Jana tulipofika wodini nesi alimpima joto akatikisa kichwa. Akaita daktari. Daktari akasoma kipimo, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtoto ana homa, leo hapasuliwi, nafasi anapewa mtoto wa kitanda cha jirani. Mama wa yule mtoto alishindwa kunitazama.

Halafu nesi akaanza kumvua. Akatoa sweta, akakuta sweta, akatoa na hilo akakuta jingine. Nguo ya ndani ilikuwa inakamuka. Akaniuliza nani kamvalisha hivi kwenye joto hili. Akasema, "Mama, huyu haumwi. Huyu umempika."

Wakamlaza karibu na dirisha lililo wazi, na kifulana tu, wakawa wananiambia nimnyonyeshe kidogo kidogo. Alinyonya, mama. Alinyonya kama anayedai haki yake. Joto limekuwa likishuka, lakini daktari anasema hawezi kubahatisha na moyo wa mtoto. Kesho asubuhi atampima tena. Akiwa sawa, atakuwa wa mwisho siku ya mwisho, kama muda utabaki. Usipobaki, ndiyo mwakani.

Barua yako ya kumwongezea blanketi imenikuta hapa. Nimeisoma nikaikunja. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi, maana mtu aliniambia mbele ya macho yangu na mimi nikamjibu kwa jina lako. Usiniandikie kwa sasa. Acha nipite hapa mwenyewe.

Mwanao.

*

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Umesema nisiandike, nami naandika.

Mdogo wako alichukuliwa na baridi, na huyu ningemuua kwa joto. Mashine ya kufumia nimeifunika na kitambaa, uzi sitaki hata kuuona. Jana ilikuwa Ijumaa, najua kilichotakiwa kutokea kimeshatokea au hakikutokea, na wewe unajua na mimi sijui. Kila basi likiingia nakwenda kuwauliza madereva, wananitikisia kichwa kwa huruma kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa nimefungasha nije. Nimefungua mzigo tena. Naona bora nikae mbali na mtoto huyo. Nitukane ukitaka, lakini niambie yuko hai.

Mama yako.

*

Jumanne, tarehe 18 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukuacha roho juu. Nilishika kalamu mara nyingi nikaogopa kuandika jambo ambalo lingebadilika kabla barua haijafika.

Ijumaa asubuhi alikuwa sawa. Wakamchukua jioni, wa mwisho kabisa, madaktari wenyewe wamechoka hata viatu wanaburuta. Nilikaa kwenye benchi la nje, na yule mama wa kitanda cha jirani akaja akakaa nami, mwanawe ameshatoka salama. Mlango ulipofunguliwa nilimwomba aende yeye kuuliza.

Tundu limezibwa. Leo wamemtoa mashine ya kupumulia. Alipoamka alilia hadi wodi nzima wakageuka, wengine wakalalamika, na mimi nikawa nacheka na kulia kwa pamoja.

Tutakaa hapa mpaka kidonda kipone. Usiku na mchana lazima mtu amshike asivute mipira ya dawa, na sijalala tangu tufike. Nesi ameniambia kuna akina mama hapa wodini wanaweza kunisaidia kumshika nipate usingizi. Nimewatazama wote, mama, na ni watu wema. Nimekataa.

Panda basi la kwanza. Simwamini mtu mwingine.

Mwanao.