Mitihani Minne

3 Februari

Wewe mke mwenzangu,
Miguu unayo, au uliiuza? Tangu uingie hiyo ofisi yako hujakanyaga mlango huu. Mimi mzima, goti tu limenuna. Mdogo wako mzima. Anayeniandikia ni jirani yetu fundi cherehani, nimemwambia asipunguze hata neno. Umetususa?
Bibi yako

15 Februari

Shikamoo Bibi,
Pole na goti. Mimi mzima, ila mwaka huu mitihani imezidi. Zamani ulikuwa mmoja, sasa ni minne! Vichwa vinawaka, wenzangu wawili wamekimbia. Na nyumbani siruhusiwi kuja hadi mdogo wangu avuke wake.
Mjukuu wako

20 Februari

Mjukuu wangu,
Niliposomewa barua yako nilipiga ukunga, majirani wakajaa uani. Mitihani minne! Mmoja tu huzeesha mtu! Tukakuombea, mwenye kulia akalia. Ndipo fundi akasema, “Bibi, si mikosi, ni ile ya karatasi, ya kuingilia chuo cha sheria, ofisi yake ndiyo inayoitunga!” Kacheka mpaka kadondosha kalamu.
Kumbe unatunga maswali, ndiyo maana wamekukataza kumkaribia mdogo wako anayeufanya huo mtihani! Basi tunga, mama, tunga! Mwaka jana mdogo wako aliugua siku ile ile ya mtihani. Homa ya siku moja ikamla mwaka mzima.
Bibi yako

2 Aprili

Shikamoo Bibi,
Goti halijambo? Swali likishatumika halirudi, hivyo tuliishiwa. Wakubwa wakataka kuufuta mtihani wa pili. Nikasimama nikawaambia habari ya ile homa. Kila mtu akavuta kiti, tukaanza kutunga upya. Bibi, tumemaliza, utafanyika! Ila habari za mdogo wangu usiniambie kwanza, kazi itanitokea puani.
Mjukuu wako

30 Juni

Marahaba, marahaba, marahaba!
Amepita! Goti lenyewe limecheza! Sasa naruhusiwa kusema: ule wa kwanza hakuufanya, tumbo lilimlaza chini. Nilimeza ulimi kwa ajili yako, na unanijua mdomo wangu. Kapitia huo wa pili, huo huo waliotaka kuufuta! Fundi anamshonea nguo ya chuo na kuimba, sindano imemchoma, bado anaimba.
Kisingizio huna tena. Ukija, hayo maswali yako yaache huko huko. Njoo na moja tu: “Bibi, jikoni kuna nini?” Hilo nalijibu bila kusoma.
Bibi yako